Lori la Jambiani Lililokatwa Kitabuni

Siku ya kwanza kuingia kazini nilipewa ndoo ya chokaa na brashi iliyong'oka manyoya, nikaambiwa nifuatane na Karani wa Njia. Hakuna aliyeniuliza kama najua kusoma. Nilijua kidogo, ya madarasa ya mwanzo na ya chuo cha Kurani, lakini karani alitaka mtu wa kushika ndoo asiyeogopa kutukanwa. Nikamwambia siogopi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuondosha magari yaliyotupwa. Nyinyi vijana mnaookota vyuma leo mnafikiri gari likifa hufa tu. Wakati wetu, miaka ya hamsini, gari halikuweza kufa bila ruhusa. Likikaa barabarani au uwanjani bila ya mtu kuligusa, karani huja kulipaka chokaa mstari mpana mlangoni, na tangazo hubandikwa kwenye ukuta wa korti. Mwenyewe asipotokea katika muda uliowekwa, gari huwa la serikali, na sisi huja kulivuta.

Gari la kwanza nililolipaka lilikuwa mtaa wa Malindi, mjini, motokari nyeusi imekaa juu ya matofali, kuku kaatamia kwenye kiti cha dereva. Akatoka bibi mmoja na kanga kichwani.

"Hilo la marehemu bwana wangu," akasema. "Mkilitia chokaa mmemtia yeye."

Karani akamwambia, "Bibi, si sisi, ni sheria."

"Sheria imekuja na ndoo? Mbona nnamuona huyu mtoto wa watu tu."

Nikapaka. Kuku hakuondoka.

Nilishika ndoo mpaka nikahamishiwa kwenye gengi la kuvuta. Huko ni minyororo, jeki na lori la winchi, yaani roda la kuvutia linalozungushwa kwa mkono. Mnyororo ukikatika humchapa mtu kama mjeledi, na nilimuona mwenzetu mmoja akipoteza meno. Tangu hapo nikawa mtu wa kusikiliza vyuma. Chuma kabla hakijakatika husema, na anayekaa nacho karibu hukisikia. Wenzangu wakinicheka: "Makame, leo mnyororo umekwambia nini? Umekusalimu?"

Mwisho nikapelekwa uwanjani, njia ya Chukwani, palipokuwa na mashimo yaliyochimbwa mawe ya chokaa. Hapo ndipo magari yalipohukumiwa. Yaliyofaa yalipigiwa mnada kwa kengele. Yasiyofaa tuliyaita ya nyundo. La nyundo lilikuwa na amri moja isiyovunjwa: kabla ya kutoka hata bati moja, chesisi ikatwe. Chesisi ni ule uti wa mgongo wa gari, vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu. Ikikatwa, gari haliwezi tena kurudi njiani. Baada ya hapo springi huenda kwa wahunzi wakafua mapanga, mipira ya magurudumu kwa washona ndara, bati kwa watengeneza koroboi, na mabaki hutupwa shimoni. Mkataji wa chesisi nilikuwa mimi. Nilikata kwa tindo, nyundo na msumeno wa chuma, na jioni nilikuwa siwezi kufunga kiganja.

Juu yangu alikuwa Nyapara wa Uwanja, Suleiman Pandu. Jina lake nalitaja kamili. Alikuwa mtu wa maneno laini, hapigi kelele, na ufunguo wa sanduku la tindo na misumeno alikuwa nao shingoni kwa uzi kama hirizi. Juu yake alikuwa Mkaguzi wa Magari, Mzungu tuliyemwita Bwana Hoti. Huyu alijifunza Kiswahili kitabuni kabla hajapanda meli, na kwa kweli alikisema sawasawa, silabi moja moja. Sisi tuliosema "nshakula" alitusahihisha: "Nimekwisha kula." Uwanjani haingii kwa sababu ya grisi. Husimama langoni na orodha yake, akataja gari, nyapara akajibu, akatia alama, akapanda pikipiki akaondoka.

Sasa nije kwenye lori.

Lililetwa kutoka Jambiani, lori la kubebea nazi na mbata, mwenyewe kafariki na warithi kila mmoja akimtupia mwenziwe. Nilipoingia chini yake niliona kipande cha bati nene kimepigwa kiraka kwa boliti, pale springi ya nyuma inaposhikana na chesisi. Nikakifungua. Chini yake kulikuwa na ufa umekwenda mpaka juu. Kiraka kilikuwa kama plasta juu ya mfupa uliovunjika. Nikamwambia Nyapara Pandu, akainama akauona mwenyewe. "Hili la nyundo," akasema. Nikakirudisha kiraka ili lisilale kabla ya kukatwa likaniangukia.

Kabla sijaanza kukata, akaja Bwana Hoti langoni. Mimi niko chini ya lori, nawasikia.

"Lori la Jambiani. Limekwisha?"

"Limekwisha, bwana," akajibu Nyapara Pandu. "Limekwisha kabisa."

Pikipiki ikalia, akaenda zake.

Mnaelewa? Bwana Hoti aliuliza kazi. Pandu akajibu lori. Kwetu gari lililokwisha ni gari lililochakaa, halifai tena. Kwake yeye aliyejifunza kitabuni, kitu kilichokwisha ni kitu kilichomalizwa. Akaandika kuwa limekatwa, nalo liko zima juu yangu, bado linadondosha mafuta. Hapo hapakuwa na hila ya mtu. Naapa hivyo hata kwa watu ninaowachukia.

Nikatoka chini nikasema, "Nyapara, yule kaandika tushalikata."

Pandu akacheka mpaka akashika kiuno. "Basi likate kesho, aliyoyaandika yawe kweli."

Kesho yake nikafika, nikamkuta amekaa na Kassim dalali, yule aliyekuwa akipiga kengele za minada yetu. Wamekaa kwenye magurudumu, wanakunywa kahawa, na Kassim macho yake yako kwenye lori. Nikaomba ufunguo wa sanduku.

"Tindo ziache," akasema Pandu.

"Lori la Jambiani, Nyapara."

"Lori gani? Lile halipo, Makame. Bwana kashalikata. Ushaona wapi mtu akakata kitu kisichokuwepo?"

Kassim akacheka. Nikasema, "Lina ufa. Wewe mwenyewe umeuona."

"Nimeuona. Na Kassim anataka injini na magurudumu tu, atalivunja mwenyewe kwake. Au unataka kunifundisha kazi?"

Sikuwa na ufunguo. Chuma cha unene ule hakikatwi kwa meno. Lori likavutwa likatoka langoni, na mimi moyo wangu ukabaki umening'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani. Nilijiambia Kassim atalivunja. Usiku nilijiambia, na mchana nilijiambia. Mtu anayejiambia jambo mara nyingi namna hiyo, hajaliamini.

Kipupwe kilipoingia nilikwenda Darajani kununua muhogo. Magari ya shamba yamejipanga, na moja ni jipya, kijani, bodi ya mbao na mabenchi, ubavuni limeandikwa "Tawakal" kwa rangi ya manjano. Namba yake siyo ile ya lori la Jambiani. Lakini lilipowashwa nikasikia kitu nyuma, sauti ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikaangusha kofia yangu makusudi nikainama kuiokota. Kiraka kilikuwepo. Kimepakwa rangi ya kijani pamoja na boliti zake.

Na aliyekuwa akishuka garini, na mizigo yake ya kamba, ni dada yangu.

Dada yangu aliolewa Jambiani. Alikuwa akisokota kamba za usumba wa nazi na wenzake, na kila wiki huleta mzigo mjini kuuza. Alinilea mimi baada ya mama kufa, na hapakuwa na mtu mwingine duniani ambaye angenipiga kofi nikashukuru.

"Dada, gari hili usilipande tena."

"Nipande nini? Nikupande wewe?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Nikasema, "Lina ufa chini."

"Na mimi nna ufa mgongoni, mbona natembea. Shika mzigo huo, kaka, acha kunitia aibu mbele za watu."

Nikashika mzigo. Lakini tangu hapo, kila siku ya gari la Jambiani nilikuwa natoka uwanjani kwa kisingizio, nakwenda mpaka Darajani kutazama kama limefika. Likichelewa, nasubiri mpaka lifike.

Nikamwendea Pandu. Akasema kwa ile sauti yake laini, "Kassim hakulivunja? Huo ni ubaya wake Kassim." Nikamwendea Kassim dukani kwake. Akasema, "Mimi nimeuziwa gari na serikali. Serikali huuza gari bovu?" Nikavaa kanzu safi nikamwendea Bwana Hoti ofisini kwake.

"Lori hilo limekatwa," akasema. "Nimeandika mwenyewe."

"Bwana, halikukatwa. Twende Darajani ukalione."

"Namba?"

Nikamtajia namba ya "Tawakal". Akaitafuta. "Hiyo ni ya gari jingine. Gari zuri."

"Namba ndiyo ya gari jingine, bwana. Chuma ni kile kile. Nyapara alikwambia limekwisha, wewe ukaona limekatwa. Alitaka kusema limechakaa."

Akavua miwani. Nafikiri pale alielewa. Uso wake ulibadilika, nami nikapata matumaini kwa muda wa pumzi moja. Kisha akavaa miwani tena.

"Makame, mkataji ni nani?"

"Mimi, bwana."

"Basi kama halikukatwa, ni nani hakulikata?"

Nilitoka pale. Karani wa Njia, yule wa siku ya kwanza, alikuwa kibarazani na alisikia. Akaninong'oneza: "Ukienda polisi utalala ndani wewe. Kaa kimya, mwambie dada yako asipande." Huo ndio ushauri niliopewa na mtu mwema kupita wote.

Ijumaa iliyofuata nikakwenda Jambiani kwa baiskeli ya kuazima, nikiwa na azma ya kumzuia. Nikamkuta anafunga furushi la nguo. Mwanawe wa kike alikuwa kajifungua mjini, kalazwa hospitali, damu haijakata. Habari ilifika asubuhi ile.

"Gari gani linakwenda?" nikauliza.

"Unajua gari gani."

"Dada, nakuomba. Nikupakie baiskeli."

"Mwanangu anamwaga damu, na wewe unataka niende mjini juu ya karia ya baiskeli? Nitafika lini, wakishamzika?" Kisha akanitazama, akapunguza sauti. "Unaogopa kweli, Makame?"

"Naogopa kweli."

"Basi panda na mimi."

Tukapanda. Nikamkalisha mbele kabisa, nyuma ya dereva, ambako chesisi ilikuwa nzima. Mimi nikakaa mwisho, juu ya ufa, ili niusikie. Watu walikuwa wamejaa, na magunia ya mbata juu. Kila gurudumu likiingia shimoni nasikia ule mlio, na kila mara ni mrefu kidogo kuliko wa mwanzo. Kitogani lilisimama kupakia. Nikashuka nikamfuata dereva, Ame wa Paje.

"Ame, tazama chini hapa. Punguza magunia, uende taratibu."

Akainama akatazama. Na mimi nimo kumtazama yeye. Akainuka akijipangusa magoti. "Mbona chuma kipya hicho? Kimepakwa rangi."

"Chini ya rangi kuna ufa."

"Wewe fundi au abiria? Kama fundi, lipa nusu. Kama abiria, panda."

Watu wakacheka. Mama mmoja akapaza sauti, "Bi Mwana, nduguyo muoga kuliko mbuzi wa sikukuu."

Dada hakucheka. Kulikuwa na mwanamke mgonjwa anapanda pale, anatapika, na dada akainuka akampa nafasi yake ya mbele. Kisha akaja kwa kupita juu ya mizigo, akikanyaga watu na kuwaomba radhi, mpaka nyuma.

"Rudi mbele," nikamwambia.

"Nimekuja kukaa na wewe. Huwezi kuogopa peke yako mpaka mjini."

Nilijaribu kumwinua kwa nguvu. Akanipiga kikofi cha mkono kama nilipokuwa mtoto, akakaa, akaweka mkono wake juu ya goti langu. Lori likaondoka.

Ilikuwa kwenye mteremko mdogo kabla ya Tunguu. Mlio ulinyamaza. Nilijua kuliko kitu chochote nilichopata kukijua kuwa kunyamaza kule ni kubaya, nikafungua mdomo. Nyuma ya lori ikakunjika, mbele ikaendelea na safari yake. Sisi wa nyuma tukawa chini ya mbao na magunia. Wa mbele walishuka wenyewe kwa miguu, na yule mgonjwa pia. Mkono wa dada ulikuwa bado uko gotini kwangu waliponitoa, lakini goti lenyewe lilikuwa limesagika, na yeye hakuwa tena na pumzi. Mwanawe alipona. Mtoto aliyezaliwa ni wa kike.

Katika uchunguzi Bwana Hoti alisema gari lilitolewa amri ya kukatwa na mkataji ndiye aliyepewa kazi. Kassim alisema alinunua kwa imani. Suleiman Pandu aliulizwa kama aliwahi kusema kuwa lori limekatwa. Akajibu kwa upole, "Sikusema limekatwa. Nilisema limekwisha, na lilikuwa limekwisha." Hakimu akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yao na mguu umefungwa mbao, na kila nilipotaka kusema niliambiwa nijibu nililoulizwa. Nililoulizwa lilikuwa moja tu: kama mkataji ni mimi.

Wakanistaafisha. Ndivyo karatasi ilivyosema, kuwa nimestaafu kwa udhaifu wa mwili, nami sijafika hata nusu ya umri wa watu wanaostaafu. Bwana Hoti alihamishwa kwenda kisiwa kingine, kwa cheo. Kassim aliendelea kupiga kengele yake. Mimi nafua majiko ya mkaa kwa bati la kuokota, hapa mlangoni kwangu, na gari likipita nanyanyua kichwa kusikiliza. Sipandi. Mjukuu wa dada yangu hunicheka kwamba nakwenda mjini kwa punda kama mtu wa zama za Ibrahimu. Acheni acheke. Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa nawaomba jambo dogo: mkiulizwa gari limekatwa, nendeni mkaliguse palipokatwa, ndipo mjibu. Na anayewauliza, mshikeni mkono mwende naye, hata akiogopa grisi.

Mwaka juzi Suleiman Pandu alikuja hapa. Kanzu mpya, mafuta mazuri, anasafiri kwenda Makka, na msafiri wa Makka huzunguka kutaka radhi kwa aliowakosea. Nikamkaribisha kiti. Nikaendelea kupiga bati.

"Makame, nnasafiri. Nimekuja unisamehe."

"Nikusamehe nini, Nyapara?"

"Yote. Tumefanya kazi pamoja, mtu hukosea bila kujua."

"Taja moja."

Akalainisha kanzu yake magotini. Kisha akasema, "Hayo ya zamani, ndugu yangu, ya nini kuyafukua."

"Basi nitajie jina la dada yangu."

Akatazama mlango, akatazama mikono yake. Nikaona kuwa jina hakuwahi kulijua. Alikaa kwenye uchunguzi ule, alikuja matangani akala wali wetu, na jina hakulijua.

"Mwanakhamis binti Ussi," nikamwambia. "Lirudie."

Akalirudia, akakosea la baba. Nikamwambia alirudie tena. Akalipata. Nikamwambia akifika huko amuombe yeye hiyo radhi kwa jina lake, na atakavyojibiwa, akirudi aje anieleze.

Amerudi salama. Watu sasa wanamwita Alhaji. Hapa kwangu hupita upande wa pili wa njia.